Nishani za Vita Kandokando ya Ziwa: Ipi Halisi, Ipi Nakala, na Hadithi Ipi ya Uongo

Mwezi uliopita kijana mmoja alinisimamisha pale Makoroboi, sokoni hapa Mwanza, akafungua kiganja. Ndani kulikuwa na nyota ya ncha sita, rangi ya shaba, imesuguliwa mpaka inarudisha jua machoni. Alikuwa anatoka kwa sonara, na sonara alimwambia si dhahabu. Rafiki yake naye akamwambia sonara anadanganya, anataka kuipata kwa bei ya kutupa. Na kwenye simu alikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa mtu asiyemfahamu, anayeahidi mamilioni kwa "nishani ya Mjerumani yenye namba", ila kwanza atumiwe hela kidogo ya kipimo.

Niliichukua nikaigeuza. Katikati kuna taji, chini yake herufi za Mfalme George wa Sita wa Uingereza, na maandishi THE AFRICA STAR yamezizunguka. Mjerumani hahusiki nayo hata kidogo. Nikamuuliza ni ya nani.

"Ya baba yake bibi," akasema. "Alikuwa keya." Yaani askari wa Kiafrika katika jeshi la Mwingereza.

Nimeulizwa habari za vitu hivi mara nyingi hapa Mwanza, na kila mara mkanganyiko ni uleule: watu wanachanganya nishani na rupia, Mwingereza na Mdachi (ndivyo wazee walivyomwita Mjerumani), kitu halisi na hadithi halisi. Nyumba nyingi za ukanda huu wa ziwa, kuanzia Magu mpaka Ukerewe na Bukoba, zina kitu cha namna hii kwenye sanduku. Kinauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, au kinaishia mkononi mwa tapeli, kabla mwenye nyumba hajajua amekalia nini.

Nusu ya mkanganyiko imo kwenye majina yenyewe. Nishani ni alama ya heshima ambayo serikali au mfalme humpa mtu kwa utumishi au ushujaa, ikavaliwa kifuani kwa utepe. Siku hizi wengi husema medali, na si kosa, ingawa medali tumeizoea zaidi kwa mwanariadha aliyetoka kwenye mbio. Rupia si nishani. Rupia ya Mjerumani ni hela: sarafu ya fedha, ile madini tunayoiita silva, yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili akiwa amevaa kofia ya vita yenye tai. Rupia hazikuwa za dhahabu, isipokuwa toleo moja la rupia 15 lenye picha ya tembo, lililotengenezwa Tabora mwaka 1916 wakati Wadachi walipokuwa wamezingirwa na hela imewaishia. Beji ya kofia nayo si nishani, wala kifungo cha koti la jeshi. Ukiona kitu hakina mahali pa kupitishia utepe, wala alama kwamba palikuwapo, jiulize mara mbili.

Sasa, kwa nini vitu hivi viko huku kwetu? Kwa sababu vita vya wenzetu vilipita hapa, na wazee wetu ndio waliovipigana.

Vita Kuu ya Kwanza ilifika ziwani mapema. Waingereza walivamia Bukoba kwa meli Juni 1915, na Julai 1916 wakaitwaa Mwanza. Upande wa Mdachi walikuwapo askari kutoka makabila mengi ya nchi hii. Upande wa Mwingereza kulikuwa na King's African Rifles, kifupi K.A.R., ambacho wazee walikitamka "keya" na neno likabaki. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha 6 cha keya, na humo waliingiza pia askari wa Mdachi waliokuwa mateka. Kwa hiyo usishangae ukisikia mzee mmoja alivaa sare mbili katika vita ileile. Si hadithi ya kutunga.

Kisha kulikuwa na wapagazi, ambao kumbukumbu yao imebaki zaidi kwenye jina la Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Hawa ndio waliobeba vita mabegani, na walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakitumikia Uingereza katika Vita ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, huenda hata wakafika 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hilo linaniuma kila ninapolitaja. Pia linajibu swali ambalo familia nyingi huuliza: kwa nini babu alikwenda vitani na hatuna nishani? Mara nyingi ni kwa sababu hakupewa. Kukosekana kwa nishani si ushahidi kwamba mzee alikuwa mwongo.

Vita ya Pili ndiyo iliyojaza masanduku. Keya walipigana Abisinia, Ethiopia ya leo, mwaka 1941, wakaenda Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma, Myanmar ya leo, ikishuka bonde la Kabaw kwenye matope ya masika ya huko hadi mto Chindwin. Wazee waliotoka Burma walirudi na nyota na nishani za duara, na hizo ndizo ninazoletewa mara nyingi. Baada ya hapo wako waliopelekwa Kenya wakati wa Mau Mau, na mwisho kabisa wako wapiganaji wetu wenyewe wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati ambapo hata Mwanza ilirushiwa mabomu na ndege ya Libya, yakaangukia kwenye hifadhi ya wanyama na kuua swala. Nishani za taifa letu nitaziacha nje ya habari ya kununua na kuuza. Wenyewe wengi bado wako hai, na kwa maoni yangu hakuna mtu anayepaswa kuziwekea bei.

Njia rahisi ya kuielewa nishani ni kuifikiria kama gari. Gari lina bodi, lina namba ya chesisi, na lina kadi. Bodi unaweza kuipiga rangi upya. Chesisi inasema gari ni lipi. Kadi inasema ni la nani. Anayenunua gari kwa kutazama rangi tu, sote tunajua mwisho wake.

Chesisi ya nishani iko kwenye ukingo. Nishani za Uingereza za Vita ya Kwanza, yaani ile ya fedha yenye mfalme upande mmoja na mpanda farasi upande wa pili, na ile ya ushindi yenye malaika wa mabawa na utepe wa rangi za upinde wa mvua, zina jina la mwenyewe ukingoni: namba, cheo, jina, kikosi. Herufi zimegongwa kwenye chuma, si kuandikwa juujuu. Ukiiegemeza kwenye mwanga wa dirishani na kuizungusha taratibu, zinapita moja moja, na kwa wazee wa keya mwisho wake utaona K.A.R. Nyota ya shaba ya 1914-15 jina lake liko mgongoni, kwa kuwa haina ukingo wa kuandikia.

Ya Vita ya Pili ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Nishani zile Uingereza haikuziandika majina. Nyota ya Afrika ya yule kijana ni tupu mgongoni, na ndivyo ilivyotoka kiwandani. Wahindi, Waaustralia na Waafrika Kusini waliandikiwa majina kwenye zao. Askari wa keya, kama wenzao wa Uingereza yenyewe, hawakuandikiwa. Kwa hiyo mtu anayekwambia "haina jina, ni feki" hajui. Na anayekuuzia nyota tupu akidai ilikuwa ya shujaa fulani naye hana cha kuonyesha, maana chuma chenyewe hakisemi. Kwa nishani za Vita ya Pili, kadi ya gari ndiyo kila kitu: cheti cha kuachishwa jeshi, kitabu cha malipo, picha ya mzee akiwa amevaa sare, barua. Nishani halisi isiyo na karatasi inabaki kuwa nishani, lakini imekuwa yatima.

Ndiyo maana nikiletewa nishani, swali langu la kwanza si "inauzwaje?" Nauliza kuna karatasi gani nyumbani. Mara nyingi jibu ni kwamba karatasi zilichomwa mzee alipofariki, kwa kuwa hakuna aliyejua kusoma Kiingereza chake. Kilichong'aa kikatunzwa, chenye jina kikachomwa.

Tukija kwenye uongo, ni vizuri kujua kwamba hauko wa aina moja. Iko nakala ya heshima, iliyotengenezwa waziwazi ili familia ivae kwenye kumbukumbu, na hiyo haina ubaya mpaka pale mtu atakapoiuza kama ya zamani. Iko ya kughushi, iliyotengenezwa ili kudanganya. Iko iliyochezewa, nishani halisi kabisa iliyofutwa jina na kuandikwa jina jingine lenye soko zaidi, sawasawa na gari lililobadilishwa chesisi. Na iko ile inayonisumbua kuliko zote: nishani halisi yenye hadithi ya uongo. Niliwahi kuonyeshwa nishani ya fedha ya Vita ya Kwanza, safi, haina kasoro, muuzaji akisema ilikuwa ya chifu mmoja wa Usukuma. Ukingoni palikuwa na jina la Kizungu na kikosi cha kule kwao Uingereza. Nishani ilikuwa ya kweli. Chifu alikuwa wa kubuni.

Ya kughushi utaijuaje? Nenda Makoroboi, au popote wanapouza masufuria, ushike mawili: la kiwandani, lililopigwa kwa mashine, na la kumimina, lililotengenezwa kwa kuyeyusha bati na vyuma vya zamani na kusubu kwenye kalibu. La mashine lina uso laini na kingo kali. La kumimina lina vijitundu vidogo kama ngozi ya chungwa, na kingo zake zimelala. Nishani halisi za Kiingereza zilipigwa kwa mashine yenye nguvu. Nywele za mfalme unazihesabu moja moja, herufi zimesimama. Ghushi nyingi ni za kumimina. Nywele za mfalme zinakuwa kama uji, na ndani ya herufi O na A utaona vipele au vitundu. Tena chuma kikipoa hunywea, kwa hiyo nakala iliyomiminwa kutokana na nishani halisi huwa ndogo kidogo kuliko mama yake.

Hapo kipimo cha fundi kinasaidia, kile cha kubana ambacho mafundi wa gereji wanacho. Nishani ya fedha ya Vita ya Kwanza ina kipenyo cha milimita 36. Ikipungua kwa kiasi cha kuonekana, mawili: imemiminwa, au ukingo wake umesuguliwa ili kufuta jina. Iliyosuguliwa hupungua mahali fulani zaidi ya pengine, kwa hiyo pima pande tatu au nne.

Sumaku nayo, hata ile ya spika mbovu, ni rafiki mzuri. Fedha haivutwi na sumaku. Shaba haivutwi. Mchanganyiko wa shaba na nikeli uliotumika kwenye nishani za duara za Vita ya Pili hauvutwi. Nishani ya Kiingereza inayoruka kwenye sumaku, irudishe kwa mwenyewe. Kwa Mdachi ni kinyume: Msalaba wa Chuma wa 1914 kwa kawaida una moyo wa chuma cheusi uliobanwa katikati ya fremu ya fedha, kwa hiyo sumaku inapaswa kuushika. Ukitazama kwa karibu utaona pale chuma kinapokutana na fremu ni vipande vilivyounganishwa. Msalaba uliotoka kipande kimoja, umepakwa rangi nyeusi katikati, ni pambo tu.

Utepe watu huusahau, na ndio unaosema mengi. Tepe za zamani zilikuwa za pamba au hariri. Za kisasa zina nyuzi za plastiki na dawa ya kung'arisha. Wakala wa fedha wengi wana ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Weka utepe chini yake: ukiwaka mweupe kama shati lililofuliwa jana, utepe huo haukuwapo mwaka 1945. Lakini tahadhari. Utepe mpya hauifanyi nishani kuwa mpya. Tepe zilichakaa, wazee wakabadilisha, wengine waliweka kipande cha kanga. Nimewahi kuona kipande cha kanga namna hiyo, kimekunjwa mara mbili na kushonwa kwa uzi mweusi, na kama ningekuwa na mamlaka ningekataza mtu yeyote kukiondoa.

Rangi za utepe zina maana yake pia. Wa Nyota ya Afrika ni rangi ya mchanga wa jangwani, na juu yake mstari mpana mwekundu wa jeshi la nchi kavu, bluu iliyokoza ya jeshi la majini na bluu hafifu ya jeshi la anga. Wa Burma una nyekundu katikati, bluu iliyokoza pembeni, na rangi ya machungwa ya jua. Mzee aliyekuwa Abisinia kisha Burma alipaswa kuwa na nyota zote mbili, pamoja na Nyota ya 1939-45 na nishani ya duara ya vita yenye simba aliyekanyaga joka la vichwa viwili. Nishani huzaliwa kwa ukoo. Ukiletewa moja, tafuta ndugu zake.

Kuna jaribio moja dogo ninalolipenda kwa sababu halihitaji chombo. Nishani ya utumishi wa jumla wa Afrika, ya fedha, iliyotolewa kuanzia 1902 hadi vita vya Mau Mau, ilitoka na sura za Edward wa Saba, George wa Tano na Elizabeth wa Pili. Ya George wa Sita haipo, haikutolewa kamwe. Anayekuuzia yenye sura yake anakuuzia kitu ambacho hakikuzaliwa.

Sasa uvumi.

Dhahabu. Nyota za Vita ya Pili ni shaba iliyochanganywa na zinki. Nishani ya ushindi ya Vita ya Kwanza ni shaba iliyopakwa mafuta ya kung'aa, na ndiyo maana hata leo baadhi zinaonekana kama dhahabu. Mchimbaji yeyote wa Geita atakwambia bila mashine: dhahabu kwa ukubwa uleule ni nzito zaidi ya shaba mara mbili. Iliyo na madini ya thamani ni ile ya fedha, na thamani hiyo iliiponza. Bei ya fedha ilipopanda sana duniani kuelekea 1980, nyingi ziliyeyushwa. Jina la mtu ukingoni, namba yake, kikosi chake, vyote vikaingia chunguni.

Zebaki nyekundu. Huu uvumi wa kimiminika cha bei kubwa kilichofichwa ndani ya vitu vya zamani umewahi kuhusishwa na cherehani na redio za zamani, na sasa umefika kwenye nishani. Zebaki hiyo ya mamilioni haipo. Nishani ni chuma kigumu tu. Haina tundu, haina kimiminika, haivuti mchele wala haikwepi kioo kama matapeli wanavyodai. Mtu anayeomba "hela ya kipimo" kwa njia ya simu kabla hajaiona nishani hanunui chochote. Anauza matumaini, na mnunuzi ni wewe.

Malipo kutoka Uingereza. Ujumbe huu husambazwa kila baada ya muda: pelekeni nishani za babu mlipwe mafao. Ukweli ni kwamba mwaka 2018 Uingereza ilitangaza takribani pauni milioni 12 kwa maveterani wake maskini katika nchi za Jumuiya ya Madola, lengo likiwa mzee apate walau milo miwili kwa siku. Msaada huo ulikuwa wa wazee wenyewe na wajane wao. Mjukuu mwenye nyota mkononi hakutajwa.

Kuisugua ili ipate bei. Huu ndio unaoharibu zaidi, tena unafanywa kwa upendo. Majivu, ndimu, sabuni ya sufuria, mchanga wa ziwani. Kila msuguo unaondoa safu ya chuma, na safu ya juu ndiyo yenye nywele za mfalme na jina la babu. Rangi ya kahawia inayokuja kwa miaka si uchafu, ni ngozi yake. Ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, uifunge kwenye karatasi safi, uiweke mbali na mvuke, maana unyevu wa ziwa huleta kutu ya kijani. Usiifunge kwenye nailoni. Na uandike, leo, kwa mkono wako: hii ni ya nani, alitoka kijiji gani, alisema alikwenda wapi, aliniambia nani.

Kuhusu kuuza, simkatazi mtu. Njaa ni njaa. Ila usiuze moja kutoka kwenye fungu, usitenganishe karatasi na chuma, na usikubali bei ya uzito. Usichimbe kwenye maboma ya Mjerumani au makaburi, hilo bila kibali ni kosa tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ukitaka kitu kiende nje ya nchi, waulize kwanza watu wa mambo ya kale au makumbusho.

Mji huu wenyewe umewahi kuwa mahali pa mtihani wa uhalisi, na sijui mtihani mwingine mzuri kama ule. Mwaka 1964, mwaka aliofariki Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Mdachi huku kwetu katika Vita ya Kwanza, Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wake wa Kiafrika waliobaki hai malimbikizo ya mishahara ya Vita ya Kwanza. Inasimuliwa kwamba dirisha la malipo lilifunguliwa hapa Mwanza, wakajitokeza wazee wapatao 350. Wachache tu ndio waliokuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walikuja na vipande vya sare vilivyochakaa. Wengi walikuja mikono mitupu. Mtu wa benki aliyeletwa kutoka Ujerumani akawa hana namna ya kujua nani mkweli. Ndipo akamkabidhi kila mzee ufagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, kama vile ufagio ni bunduki. Ilikuwa imepita miaka 46. Wanaosimulia wanasema hakuna hata mmoja aliyekosea.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na yule kijana kwa bibi yake, Kisesa. Nilimwambia arudishe nyota mahali alipoitoa, na anionyeshe hapo mahali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmeleta ile nyota ya baba?"

Alikuwa amegundua tangu siku ya kwanza. Alileta kopo la Kimbo, rangi imeshachubuka, kifuniko kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ndani kulikuwa na Nyota ya Burma bado ina kipande cha utepe wake, Nyota ya 1939-45 isiyo na utepe, na nishani ya duara yenye simba. Hizo zilikuwa za kahawia tulivu, hakuna aliyezigusa. Ile ya kijana ikawekwa kando yao, inawaka peke yake. Chini kabisa, ndani ya karatasi ya sukari ya zamani, kulikuwa na cheti cha kuachishwa jeshi kilichokunjwa mara nne. Mikunjo ilikuwa imeanza kukatika. Jina la mzee lilikuwa na R mahali ambapo sisi tunatamka L. Karani aliandika alivyosikia. Kimo, kovu kwenye bega la kushoto, tabia: nzuri sana. Namba ya jeshi juu, upande wa kulia.

Nilimwomba kijana aisome kwa sauti ili niiandike. Akaanza, tarakimu moja moja, kwa kuwa wino ulikuwa umefifia. Alipofika ya tatu bibi yake akaichukua kutoka mdomoni mwake akaimalizia, bila kutazama karatasi, kwa Kiingereza, kwa mkato wa kijeshi. Kijana akainua macho.

"Alikuwa anaitaja usingizini," bibi akasema. "Tulikuwa watoto. Tulidhani ni majina ya watu."